Utafunga nini na huna kitu? Kwaresima ya kijana wa Ndhiwa

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, dana anakuona ukifunua sufuria na kukukumbusha kwamba leo hakuna kula nyama. Unacheka. Kwani nyama yenyewe iko wapi? Jana mlikula omena na sukuma, juzi sukuma bila omena, na mara ya mwisho nyama kuiva kwenye hiyo sufuria ilikuwa Krismasi au mazishi ya jirani, huna hakika ni ipi. Kanisa linakukataza kitu ambacho mfuko wako ulishakukataza kitambo. Halafu linakuruhusu samaki, kana kwamba samaki ni adhabu! Huku kwetu Ndhiwa, ambako samaki wanaletwa sokoni kutoka Sori, ngege aliyekaangwa akatiwa mchuzi ni karamu kamili. Mtu akikupikia ngege Ijumaa, hujafunga. Umealikwa.

Usidhani naichezea imani. Nauliza swali ambalo wenzangu wengi huliuliza kimoyomoyo na hakuna anayewajibu: utajinyima nini ikiwa maisha yamekunyima tayari? Vijana ninaowajua walioacha Kwaresima hawakuiacha kwa sababu wameacha kumwamini Mungu. Waliiacha kwa sababu hawaoni inawahusu vipi. Njaa wanayo. Kukesha wanakesha kwenye steji ya boda wakingoja abiria wa mwisho. Ukimwambia kijana kama huyo ajitese siku 40, atakuuliza kama unajua alianza lini.

Mimi mwenyewe nimewahi kufika hapo. Mwaka nilioacha chuo, karo ikiwa imenishinda, nilirudi nyumbani mwezi wa pili na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Jumatano ya Majivu ikanikuta huko. Nikaenda kanisani, nikapakwa majivu, nikatoka nje na kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga selfi. Nikatafuta mwanga mzuri kabisa, paji la uso likae vizuri, nikaweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Watu wakatuma vidole vya sala. Nikajisikia mtakatifu hadi saa sita mchana, nilipokumbuka kwamba sijala na wala sikuwa nimepanga kutokula.

Cha kuchekesha ni injili yenyewe inayosomwa siku hiyo, Mathayo sura ya 6. Pale Yesu anawaonya watu wanaofanya mema ili waonekane. Anawaambia ukifunga, nawa uso na ujipake mafuta, watu wasijue. Sisi tunasikia hayo asubuhi, na nusu saa baadaye kamera ya mbele imewashwa. Sikuambii ufute picha yako. Yangu bado ipo. Ila irudie sura hiyo polepole, uone kitu ambacho mimi nilikipita miaka mingi: mpangilio wake. Yesu anaanza na sadaka. Halafu anakuja kwenye sala. Kufunga ndiko kunakotajwa mwisho. Sisi tumegeuza foleni, tukaweka tumbo mbele, na sadaka tumeiachia bahasha ya Jumapili.

Na kuhusu tumbo, hebu tuseme wazi kile ambacho Kanisa Katoliki linadai, maana vijana wengi wanabeba mzigo ambao hakuna aliyewatwika. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo unakula mlo mmoja kamili, na unaweza kuongeza viwili vidogo ambavyo kwa pamoja havifikii mlo kamili. Sheria hiyo inamshika aliyetimiza miaka 18 hadi anapotimiza 59. Kuacha nyama siku za Ijumaa kunaanzia miaka 14. Siku 40 zenyewe zinapatikana kwa kuziruka Jumapili: mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18 na Pasaka ni Aprili 5, kwa hivyo ukihesabu kalenda nzima hadi Jumamosi Kuu unapata siku 46, ondoa Jumapili 6. Mgonjwa hafungi. Mama mjamzito hafungi. Mtu anayefanya kazi ya sulubu, kama wanaokata miwa juani tangu alfajiri, ana haki ya kula ili asianguke shambani.

Hapo kwa mgonjwa sitapita haraka, kwa sababu sisi ni watu wa Ndhiwa. Ikiwa uko kwenye dawa za kupunguza makali ya virusi, hakuna Kwaresima wala maombi ya siku tatu kavu wala nabii wa mahema anayeweza kukuambia uziweke kando. Dawa ya kila siku ni ya kila siku, hata Ijumaa Kuu. Nimeshuhudia rika langu wakiacha vidonge ili wathibitishe imani yao. Sitaki kuandika kilichofuata. Mungu aliyemwambia Ibrahimu asimchinje mwanawe hahitaji ini lako. Meza dawa yako, kunywa maji, kisha nenda kwenye Njia ya Msalaba ukitembea kwa miguu yako.

Sasa turudi kwa dana, maana yeye ndiye aliyenijibu lile swali, ingawa hakujua kwamba anajibu.

Unajua Kwaresima inaangukia wakati gani huku. Mahindi ya msimu uliopita yameisha au yamebaki ya kuhesabu. Mvua za chwiri, zile ndefu, zinanyemelea. Watu wanalima, wanapanda, na wengi wanafanya hivyo tumbo likiwa nusu, kwa sababu mavuno yako mbali, mwezi wa saba huko au wa nane. Wazungu wakisoma kuhusu Kwaresima wanafikiria baridi inayoisha na maua yanayochipuka. Sisi tunafikiria ghala tupu na jembe. Ndiyo maana kwetu kufunga hakuhitaji maelezo marefu; msimu wenyewe unafunga.

Katika msimu huo kuna jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulielewa hadi aishi nalo: mbegu. Kila nyumba ina mahindi yaliyotengwa ya kupanda, na kila nyumba yenye njaa inayatazama usiku. Ukila mbegu umekula mwaka mzima. Jirani yetu mmoja, mama mzee anayelea wajukuu, alikuwa amezila zake. Hakutangaza. Dana alijua tu, kwa sababu moshi wa jikoni kwake ulikuwa umeanza kutoka mara moja kwa siku na shamba lake lilikuwa limelimwa lakini yeye hakuwa na haraka ya kupanda.

Jumamosi moja dana akaniita, nyakwara, shika hii. Ilikuwa gorogoro moja ya mahindi ya mbegu. Yetu. Nikamwambia zetu pia hazitoshi, nikataja hadi idadi ya mistari ambayo ingebaki bila kupandwa. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema hiyo mistari ndiyo Kwaresima yake, na kama mimi nilikuwa na yangu nyingine niliyoificha mahali, niilete tuione. Akanipa na jembe juu. Nilipanda shamba la yule mama siku mbili, nikinung'unika mwanzo hadi mwisho, na baada ya wiki tatu nikarudi kupalilia bila kutumwa.

Sitakudanganya kwamba mbingu zilifunguka. Mgongo uliuma. Lakini ndiyo mara ya kwanza nilielewa tofauti kati ya kukosa na kutoa. Kukosa kunakutokea tu, hukuulizwa. Kutoa ni lazima uchague, na unaweza kuchagua hata ukiwa na gorogoro tatu tu zilizobaki. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwezi mzima nikijiona mtu aliyenyang'anywa kila kitu, na kumbe nilikuwa bado na mikono miwili na siku mbili ambazo mtu mwingine alizihitaji kuliko mimi.

Isaya alishalisema hili, sura ya 58, na ukali wake ni wa kushangaza. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na yeye hata hajatazama. Anawajibu kwamba siku hiyo hiyo ya mfungo bado wanawakandamiza vibarua wao. Anawaambia kufunga anakokutaka yeye ni kuvunja minyororo ya watu, kumgawia mwenye njaa mkate, kumwingiza nyumbani asiye na pa kulala. Kwa lugha ya stejini: kama una pikipiki tatu umewapa vijana wakuendeshee, na Kwaresima hii umeacha soda lakini hesabu ya jioni bado unawabana mpaka ya mafuta, soda yako rudi uinywe.

Basi nikuulize wewe, uliye mtaani Nairobi au Kisumu au pale Homa Bay mjini, umeshika simu. Gorogoro yako ni ipi? Usiniambie huna. Wengi wetu tunachoma pesa kidogo kidogo mahali ambapo hatuhesabu. Tuseme unabeti shilingi 50 kwa siku, hamsini tu, ile unayosema si kitu. Kwa siku 40 ni 2,000. Iweke kwenye kopo au kwenye M-Pesa uliyoifunga, na kabla hujaweka hata shilingi ya kwanza, amua ni ya nani. Hapo ndipo wengi wanakosea. Ukijinyima bila jina la mtu mwisho wa safari, Pasaka ikifika utazirudisha kwenye mkeka mmoja mkubwa wa kufidia, nakujua, najijua. Lakini ukisema hizi ni za mbegu za fulani, au za daftari na sare za mtoto wa dada, mkono unakuwa mzito kuzigusa.

Na kama kweli hamsini huna, basi una saa. Nimeona kijana akiacha TikTok jioni za Kwaresima na kuzitumia kumfundisha mdogo wake hesabu. Ukifika mwezi wa tatu, Ndhiwa nzima iko kwenye palizi, na wazee wasio na mtu wa kuwapalilia wanajulikana kwa majina. Hilo halihitaji kopo.

Kuna mahali ambapo mambo haya yanapangwa, ila tumewaachia akina mama: jumuiya ndogo ndogo. Kila mwaka maaskofu wa Kenya, kupitia tume yao ya haki na amani, hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima. Kila wiki kina mada yake, kisa na mchoro, na watu wanaketi nyumbani kwa mtu na kujiuliza tumeona nini, tunapimaje, tutafanya nini. Si mambo ya mawinguni. Wanazungumza ufisadi, uchaguzi, ardhi, kazi za vijana. Inachekesha kwamba mada ya vijana kukosa kazi inajadiliwa na akina mama saba na mzee mmoja mwenye fimbo, huku vijana wenyewe wako mita 100 kutoka hapo wakingoja matokeo ya mechi. Nenda mara moja. Utakuta chai.

Najua pia wengine wenu mnasoma hili na Kwaresima haiko kabisa kwenye dini yenu. Huku kwetu ni jambo la kawaida katika boma moja. Wasabato wamekuwa upande huu wa ziwa tangu 1906, walipoanza misheni pale Gendia karibu na Kendu Bay, na kwao hakuna majivu wala Ijumaa bila nyama. Binamu yangu Msabato hunichokoza kila mwaka. Lakini ni yeye aliyenionyesha kitu kwenye Luka sura ya 23 nilichokuwa nimekipita: Yesu alizikwa Ijumaa jioni, na Jumamosi yote, siku ya Sabato, alipumzika kaburini huku wanawake nao wakipumzika nyumbani. Tangu hapo Jumamosi Kuu haijawahi kuwa kwangu siku ya kungoja tu Jumapili. Halafu kuna Legio Maria, kanisa lililozaliwa hapa hapa Nyanza mapema miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na ambalo bado linashikilia sala za Kilatini ambazo sisi tuliziacha. Ondeto alifariki 1991 na kaburi lake liko Got Kwer, Migori. Utawaona mahujaji njiani na kanzu zao za rangi, rozari mkononi, miguu vumbi tupu. Mtu anayekwenda mbali hivyo kwa miguu simfundishi kujinyima.

Na mwaka huu Ramadhani ilianza wiki ile ile ya Jumatano ya Majivu. Kama uko mjini na una rafiki Mwislamu, muulize kuhusu zakatul-fitri, chakula kinachotolewa kwa maskini kabla ya sala ya Idi. Mfungo wao haufungwi mpaka mtu mwingine ale. Dana angewaelewa mara moja.

Sasa Pasaka. Hapa tunafanya kosa la pili, kubwa kuliko la selfi. Kwaresima ni siku 40, Pasaka ni siku 50, inaenda hadi Pentekoste. Yaani furaha imepewa muda mrefu kuliko majuto. Lakini sisi Jumatatu ya Pasaka tuko kwenye matatu ya kurudi Nairobi, nauli imepanda, na Jumanne imeisha. Tunajua kufunga, hatujui kusherehekea, labda kwa sababu tunadhani kufufuka ni habari ya zamani iliyomtokea mtu mmoja Yerusalemu.

Ukiwa umezaliwa Ndhiwa huna ruhusa ya kudhani hivyo. Mwaka 2012 Madaktari Wasio na Mipaka walifanya utafiti hapa wakakuta asilimia 24 ya watu wa miaka 15 hadi 59 wanaishi na virusi vya Ukimwi. Karibu mtu mmoja kati ya wanne. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ambayo Jumamosi haikupita bila mazishi, mbao za majeneza zilikuwa biashara, na wazee kama yule jirani yetu waliachiwa wajukuu wa kulea mara ya pili. Dawa za bure zilianza kutolewa katika hospitali ya umma ya Homa Bay mwaka 2001, na wengi hawakuzisubiri wakafika. Halafu 2018 wakapima tena Ndhiwa. Zaidi ya 9 kati ya 10 wenye virusi walikuwa wanajua hali yao, zaidi ya 9 kati ya hao walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao zaidi ya 9 virusi vilikuwa vimedhibitiwa. Lengo hilo dunia ilikuwa imejiwekea kulifikia 2020. Ndhiwa, ile ambayo watu wa mbali walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini, ilifika mapema.

Kwa hivyo Jumapili ya Pasaka ukiketi kanisani, angalia benchi zilizo mbele yako. Kuna watu pale walioshapimiwa kaburi. Wanaimba. Wengine wana watoto ambao hawana virusi. Sijui wewe unaita hivyo nini. Mimi sihitaji tena mtu anieleze ufufuko unafananaje, na sidhani siku moja na sahani ya wali inautosha.

Mkesha ndio ninaoupenda kuliko yote. Jumamosi usiku, nje ya kanisa, taa zimezimwa, moto unawashwa chini gizani. Mshumaa mkubwa wa Pasaka unachukua moto pale, kisha kila mtu anawasha wake kutoka kwa jirani yake, mpaka nyuso zinaanza kuonekana mmoja mmoja. Mwaka ule nilioacha chuo, aliyeniwashia alikuwa yule mama wa mbegu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kidogo na nta ilinidondokea kidoleni. Hakusema kitu, nami sikusema. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini.

Masomo ya usiku huo ni marefu, yanaanzia kuumbwa kwa dunia, kwa hivyo lala kidogo mchana. Ukitoka Nairobi, shuka Rodi Kopany kabla giza halijaingia, boda za Ndhiwa utazipata hapo hapo. Beba sweta na mwavuli, mvua za Aprili hazina adabu. Na kama lile kopo limejaa, usilifungue njiani.